Neno Nililolipigia Mstari

Kokugonza mwanangu,

Habari za sabuni, za blanketi na za kujihadhari na wezi bandarini Mwanza utaambiwa na mama yako. Alianza kukuambia tangu juzi, na ninavyomjua ataendelea mpaka meli ing'oe nanga. Hapo mimi sina la kuongeza. Nimekaa barazani, wewe umekwenda parokiani kuaga, na yeye yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani huku akizungumza na sufuria. Na mimi hazungumzi. Leo ni siku ya nne. Sababu utaikuta humu humu.

Barua hii nitaichomeka ndani ya kamusi yangu, ambayo sasa ni yako, kwenye ukurasa unaoujua. Utaifungua melini, au kwenye treni ukishachoka kutazama nje. Ningeweza kukuambia uso kwa uso, muda ulikuwepo. Lakini najifahamu. Mtu akinitazama machoni ninapoeleza kosa langu, huanza kulinyoosha nyoosha, mara nalipunguza hapa, mara namtupia mwingine kipande, na mwishowe linabaki kosa dogo la watu wengi. Karatasi haina macho, kwa hiyo nimeona niandike.

Mwezi uliopita, barua ya kukuita chuoni kusomea sheria ilipofika, ulikaa kwenye kiti hiki hiki na kamusi mapajani, ukawa unasoma maneno magumu kwa sauti ili kututambia. Ukafika mahali ukanyamaza. Ukaniuliza, "Baba, mbona neno hili umelipigia mstari mpaka karatasi imetoboka?" Nikakujibu, "Mambo ya kazi hayo, ya zamani." Ukafunua ukurasa mwingine. Mama yako alinitazama, kwa sababu anajua sauti yangu ninaposema uongo.

Neno lenyewe ni enfranchise. Kwa Kiswahili cha kawaida maana yake ni kumfanya mtu awe huru, kumpa haki aliyokuwa hana. Waingereza hulitumia kwa mambo ya kura. Katika mambo ya ardhi wanalitumia kwa kumtoa mtu katika kulima pa mwingine na kumfanya awe mwenyewe wa pale anapolima. Ni neno la mahakamani na la maandishi rasmi. Sijamsikia mtu akilitumia akinunua chumvi.

Nililipenda. Hilo ulijue kwanza. Nilikuwa karani kijana wa mambo ya ardhi mjini Bukoba, tunakaa Miembeni, wewe bado unatambaa na kula udongo, na nilikuwa na ugonjwa wa Kiingereza. Kamusi hii alinipa mzee Lalji, mwenye duka la vitambaa, siku nilipomwandikia barua yake ya maombi na ikajibiwa. Aliniambia, "Karani, wewe utafika mbali." Nikaamini. Kila neno jipya lililoingia ofisini nilirudi nalo nyumbani, nikalitafuta, nikalisema mbele ya kioo. Mama yako alikuwa akinicheka mpaka anakaa chini.

Basi miaka michache baada ya Uhuru ikaja sheria ya kuondoa nyarubanja. Nyarubanja wewe umeisoma shuleni, mistari miwili mitatu. Mimi nimelelewa nayo, kwa hiyo niache nikueleze kama mtu aliyeila. Babu yangu alipewa na mukama, mfalme wetu, kipande cha nchi hapa Muleba, migomba na watu wake ndani. Watu hao walikuwa wamelima vibanja vyao, mashamba ya migomba yenye nyumba zao ndani, kabla babu yangu hajafikiriwa, walikuwa wamezika humo, na asubuhi moja wakaamka wakaambiwa kwamba wanakaa kwa mtu. Tangu siku hiyo wakaitwa watwarwa. Kila msimu walileta kwetu mikungu ya ndizi, vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sehemu ya kahawa. Walikuja wakichuchumaa mlangoni, wakisema "waitu, waitu", yaani bwana wetu. Nilikua nikidhani ndivyo watu wazima wanavyosalimiana na Tata, baba yangu, kwa sababu Tata ni mtu mwema.

Mmoja wao alikuwa Ta Laurenti. Unamkumbuka kidogo. Ndiye mzee mrefu aliyekuwa akija Miembeni na senene wakavu wamefungwa kwenye jani la mgomba, ukimpokea kwa "babu, babu" na kumpekua mifuko. Hakuwa babu yako. Alikuwa mtwarwa wetu, na mkewe ni Ma Paskazia. Mama yangu mzazi alipokuwa mgonjwa miezi mingi, ni Ma Paskazia aliyeninywesha uji na kunilaza pamoja na wanawe. Walikuwa watatu. Surua ilipopita hapa iliwachukua wote ndani ya majuma mawili, mimi ikanibakiza. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nilisimama pembeni ya makaburi yao nikiwa nimeshika kanga ya Ma Paskazia, na naukumbuka mchanga ule mwekundu mpaka leo.

Mwaka huo Ta Laurenti hakuleta mkungu. Nani angeleta? Tata alingoja, kisha akatuma vijana wawili na mapanga, wakaingia kwenye kibanja cha mtu mwenye msiba, wakakata mikungu minne, wakaja nayo nyumbani. Tuliila. Mimi pia niliila. Kesho yake Ta Laurenti alikuja kuomba radhi kwa kuchelewa.

Hilo naliandika ili usije ukafikiri kwamba sikujua mambo yalivyokuwa. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye meza ile.

Meza yenyewe iliwekwa kwenye darasa la shule, mvua za vuli zikianza. Kamati ilikuwa inapita kijiji kwa kijiji kuwasikiliza watwarwa, ili kila anayethibitika aandikwe na kibanja kiwe chake. Afisa aliyeongoza alitoka mkoa mwingine, kijana mwenye haraka, Kihaya hajui hata salamu. Nilipangiwa kumtafsiria na kuandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Tulipofika kijijini kwetu nilipaswa kusema, "Bwana, hapa ni kwa baba yangu, tafuta karani mwingine." Sikusema. Hakuna aliyeniuliza, na nilitaka watu wa nyumbani wanione nikiandika.

Swali lilikuwa moja kwa wote: je, unamtolea mwenye nyarubanja sehemu ya mavuno yako kwa lazima? Anayesema ndiyo, na majirani wakishuhudia, anaandikwa. Sasa mwanangu, wewe ni Mhaya, fikiri. Tata amekaa kwenye benchi la mbele na kanzu yake nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Yule anayeulizwa amechuchumaa mbele yake. Atasemaje mbele ya wageni kwamba mzee huyu ananila kwa nguvu? Mtu aliyelelewa vizuri hamwaibishi mzee mbele ya wageni, hata kama mzee huyo amemla mpaka mfupa. Watwarwa vijana walisema, maana walikuwa wamehudhuria mikutano ya chama na koo zao zilikuwa zimeshafunguka. Walisema wakitazama ukutani, lakini walisema.

Ta Laurenti aliitwa karibu na saa sita. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la marehemu kaka yake. Kabla ya jambo lolote akatoa jani lililofungwa vizuri, akampa kila mmoja wetu mezani akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama tumefika kwake kutembea. Yule afisa akaziangalia punje zake asijue afanye nini nazo. Mimi nikatafuna zangu. Nikamtafsiria swali.

Ta Laurenti akamtazama Tata, akatabasamu, akasema, "Hakuna lazima, waitu. Mkungu nampelekea kwa kupenda."

Afisa akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia kama alivyosema, neno kwa neno. Tafsiri safi kabisa. Mzee Lalji angenisifu.

"Kwa hiyo si mpangaji," akasema afisa.

Hapo ndipo penyewe, Kokugonza. Nimerudi pale mara nyingi kuliko nilivyorudi kanisani. Afisa ameinua kalamu, ananisubiri niseme ndiyo au hapana. Ta Laurenti ananitazama mimi, Deo aliyelala na wanawe kitanda kimoja, na uso wake umetulia kabisa kwa sababu anajua mimi najua. Yeye ametoa heshima inayotakiwa, sasa kazi ya kusema iliyobaki ni yangu. Ndivyo alivyokuwa amepanga moyoni mwake. Ningesema tu, "Bwana, huyu anaona haya, muulize kuhusu mwaka aliofiwa." Swali la pili, basi. Maneno kumi hayafiki.

Tata hakunikonyeza wala hakukohoa. Natamani ningeweza kukuambia kwamba nilimwogopa, na kweli nilimwogopa, lakini haikuwa hofu peke yake. Kibanja cha Ta Laurenti ndicho kilicho barabarani, chenye udongo mzuri na kisima karibu, na mimi ndiye niliyekuwa nitarithi. Nilishakitamani. Nilikuwa nimesimama hapo mara nyingi nikiona mahali pa baraza.

Nikasema, "Amejibu hivyo, bwana." Nikaandika.

Mwisho wa kikao afisa alisimama akasoma kwa Kiingereza, nami nikatafsiri, kwamba walioandikwa kuanzia leo ni wenyewe wa vibanja vyao. Nilitumia Kihaya kizuri sana siku hiyo. Watu walipiga vigelegele, wanawake wakaimba mpaka barabarani. Ta Laurenti naye aliimba. Aliniona nikiandika jina lake, basi aliamini ameandikwa. Jioni alinifuata nje ya shule nikifunga makaratasi kwenye baiskeli, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Deo, mwanangu, umeniandika vizuri?"

"Nimekuandika kama ulivyosema, Ta Laurenti."

"Mungu akuzidishie."

Ndipo niliporudi Miembeni nikalifungua lile neno na kulipigia mstari. Nilipiga mara nyingi, kwa hasira, mpaka karatasi ikatoboka. Hasira yenyewe sikujua namkasirikia nani. Mama yako akauliza kuna nini, nikamwambia wino umekauka.

Tata alikufa miaka minne baadaye, nikawa msika wake, yaani mrithi. Wakati huo ulikuwa ujamaa, makarani tuliambiwa tuoneshe mfano, na mimi mfano nilioonesha ni kutaka nyumba ya matofali. Nikaja siku ya Jumapili, nikakaa kwa Ta Laurenti, nikala ndizi zake na maharage, ndipo nikamwambia kwamba nahitaji mahali pale. Hakunielewa. Akacheka kidogo, akidhani nataniana naye.

"Lakini wewe mwenyewe uliniandika," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama karani. Kwamba sheria inamtambua anayetoa kwa lazima, na yeye alisema hatoi kwa lazima, na maneno yake yapo kwenye faili. Ma Paskazia alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Hakukaa wala hakuondoka.

Ta Laurenti akaniuliza polepole, "Siku ile, Deo, mbona hukuniambia?"

Nikamjibu, "Sikuulizwa."

Nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengine kwa mama yako, mengine kwako. Hili ndilo ningetoa chochote niliondoe masikioni mwa mtu. Hakulia wala hakunilaani, angefanya hivyo ningepata pa kushikia. Alisema, "Haya, waitu." Aliniita waitu, mimi aliyeniita Deo siku zote. Baada ya mwezi walikwenda kwenye kijiji kipya cha ujamaa kule kwenye rweya, kwenye nyasi tupu, ambako mgomba hauoti mpaka uulishe samadi kama mtoto mchanga. Hakuna aliyewafukuza. Kwenye makaratasi waliandikwa kuwa wamejitolea kuhamia, na ofisi ikawasifu. Alikufa masika ya pili, wakamzika huko huko kwenye nyasi. Mazishi sikuenda. Nilituma blanketi.

Sasa nitakueleza jambo nililolijua nikiwa nimeshachelewa. Mwaka juzi nilikaa na yule padri mzee Mfaransa, kabla hajarudi kwao, nikamuuliza neno langu limetoka wapi, maana kamusi inasema tu Kifaransa cha zamani. Akafurahi sana, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kama hicho baada ya misa. Akaniambia kwamba zamani kulikuwa na kabila la Wafaranki, walioiteka nchi ile ambayo leo ni Ufaransa. Wao ndio walikuwa watawala, waliobaki wakawa chini yao. Basi ukisema mtu ni Mfaranki ulikuwa unasema ni mtu huru, asiye chini ya mtu. Jina la kabila likawa ndilo neno la uhuru, na kumfanya mtu huru ikawa ni kumwingiza mahali walipo wao.

Nilicheka, nikamwambia, "Padri, hao ni ndugu zetu." Kwetu nani alikuwa huru zaidi ya yule aliyepewa watu na mukama?

Akaniambia na jambo jingine. Kwamba katika shina hilo hilo Waingereza wamepata neno lao la mtu anayesema wazi bila kuficha, frank. Kwa sababu gani? Kwa sababu aliye huru ndiye anayeweza kusema la moyoni mbele ya yeyote. Aliye chini ya mtu hupima kwanza.

Nilirudi na baiskeli nikiisukuma, sikuweza kuipanda. Nilimwona Ta Laurenti amechuchumaa kwenye darasa lile. Tulimtaka aseme kama mtu huru ili tumfanye huru. Tuliweka mlango huo, na ufunguo tukauacha ndani. Na mimi niliyekuwa nimeshakaa ndani, na kalamu, na kamusi, na mshahara, nilikuwa nimefunga mdomo kuliko yeye. Yeye angalau alimhifadhia Tata heshima yake. Mimi nilihifadhi kiwanja.

Naandika haya kwa sababu unakwenda kuyasomea maneno haya, na utayajua vizuri kuliko mimi. Utakaa kwenye meza kama ile. Siwezi kukufundisha sheria. Naweza kukuambia tu kwamba huyo aliye mbele yako akijibu haraka na kwa adabu nyingi, umtazame tena, umwulize mara ya pili, na yule anayekaa kwenye benchi la mbele na fimbo umtoe nje kwanza. Na ukikuta swali linahusu nyumba yako, inuka kwenye kiti. Mimi sikuinuka, na unaona sasa miaka imepita naandika barua.

Nyumba hii, mwanangu, ndiyo ile. Baraza hili unalolipenda liko pale ilipokuwa jiko la Ma Paskazia. Ulipokuja hapa mara ya kwanza ukiwa na miaka kumi na miwili, ulizunguka migombani ukarudi ukaniuliza, "Baba, yale makaburi matatu madogo pale kwenye mpaka ni ya nani?" Nikakuambia ni ya wageni wa zamani. Umeniuliza mara mbili maishani kitu cha maana, makaburi na mstari kwenye kamusi, na mara zote mbili nilikudanganya. Makaburi ni ya Yustina, Gaudensi na Anakleti. Anakleti alikuwa akilala ukutani kwa sababu alikuwa akikojoa.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kule rweya. Nilimkuta Ma Paskazia anapalilia maharage, amepungua, lakini jembe analinyanyua mwenyewe. Nikamwambia yote, kuanzia swali mpaka kamusi, nimesimama juani kama mwanafunzi. Alisikiliza akiendelea kupalilia. Nilipomaliza akasimama.

"Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilijua, Ma."

"Na Laurenti alipokuwa anakutazama, akidhani unamsemea?"

"Nilijua."

Nikamwambia nimeshaandika karatasi mbele ya katibu wa kijiji na mashahidi wawili, kwamba kumbukumbu niliyoandika siku ile ilikuwa pungufu kwa makusudi, na kwamba kibanja ni chake na nyumba iliyo juu yake ni yake. Ndugu zangu wa ukoo wameniita mwendawazimu na watakwenda kulalamika. Waende, nitasimama niseme mbele yao.

Ma Paskazia akasema, "Nyumba ya matofali nitaifanyia nini mimi? Nataka nikawafyekee wanangu. Na nikifa, nilale hapo." Kisha akasema, "Na Laurenti je, karatasi yako itambeba kutoka kule kwenye nyasi?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Unajua kwetu mgeni hata awe mbaya namna gani hupewa akamwani akifika. Sikupewa. Niliondoka na mdomo mkavu, na nilistahili.

Atahamia wiki ijayo. Mimi na mama yako tutapanga vyumba viwili Miembeni, karibu na tulipokaa zamani. Ndiyo maana hasemi nami. Nilipomwambia alikuwa anachambua mchele, akaacha, akasema, "Ungesema haya kabla sijapanda mibuni yangu mia." Ana haki. Amepanda kila mmoja kwa mkono wake, na hakuwa amekaa kwenye meza ile. Lakini jana nilimwona anafyeka kwenye yale makaburi, peke yake, na alipogundua namwona akajifanya anatafuta kuku.

Kwa hiyo, Kokugonza, kesho unaondoka kwenye nyumba ambayo hutairudia. Likizo ukija, usishuke Muleba na mizigo yako ukidhani chumba chako kinakungoja. Shukia Miembeni. Nilipaswa kukuacha uage ukijua unachoaga, uguse mlango, ukate hata jani la mgomba wako. Hata hilo nimekunyima, kwa kuogopa macho yako. Naona uchungu sana. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi sasa, niandikie hivyo hivyo, sitakasirika.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi ulipokuwa umelala, alifika mama mmoja anayekaa kule rweya, ametembea tangu alfajiri. Akaniletea kitu kidogo kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba, fundo lile lile alilokuwa akifunga Ta Laurenti. Akasema ametumwa na Ma Paskazia. Nikanyoosha mikono yote miwili. Akautoa ujumbe kama alivyopewa:

"Hizi ni akamwani za yule mtoto anayesafiri. Ma Paskazia amesema akishasoma akarudi, aende kwake, atampokea kwenye kibanja chake. Na amesema baba yake asionje."

Nimeziweka kwenye sanduku lako, kwenye kona, chini ya blanketi. Fundo sijalifungua.

Baba yako,
Deo